Matairi ya HiAce, ringi 15: lipi linabeba na lipi halibebi

Ukiingia kwenye duka la matairi Kariakoo ukasema tu "nataka tairi la HiAce, ringi 15", utaletewa aina nne au tano tofauti. Zote zinaingia kwenye ringi hiyo, zote mpya, zote zina kashata (meno yanayogusa barabara) nene, na bei zake zinapishana sana. Muuzaji atakwambia zote ni za HiAce kwa sababu zote zinafungika. Kufungika si hoja. Hoja ipo ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa saizi, kwenye namba na herufi ambazo wanunuzi wengi hawazisomi.

Hapa tunayapitia matairi yanayokutana na HiAce ya umbo la 2004 kuja huku, ile iliyojaa kwenye njia za daladala na matatu na kwenye usambazaji wa bidhaa. Kwa matoleo mengi ya ringi 15 yaliyotoka Japani, tairi la kiwandani ni 195/80R15 107/105N LT. Tairi linalouzwa kwetu badala yake ni 195R15C (C, kama LT, ni alama ya tairi la kibiashara) ya plai 8 (plai ni daraja la nguvu), lenye 106/104 na herufi Q, R au S. Tuseme mapema: kwa gari linalobeba abiria au mzigo, hilo la pili ndilo la kununua, na yote yenye namba chini ya 100 yasifungwe hata kama muuzaji anakupa manne kwa bei ya mawili.

Namba kwanza, herufi baadaye

Namba ni uwezo wa tairi moja kubeba, na kila namba ina kilo zake: 91 ni kilo 615, 95 ni 690, 96 ni 710, 104 ni 900, 106 ni 950, 107 ni 975, 112 ni 1,120. Herufi ni kikomo cha mwendo tairi likiwa limebeba uzito huo: N ni kilomita 140 kwa saa, Q ni 160, R ni 170, S ni 180, T ni 190, H ni 210, V ni 240.

Palipo na namba mbili, kama 106/104, ya kwanza ni ya tairi likiwa peke yake upande mmoja, ya pili ni ya matairi mawili yaliyobebana kwenye ekseli ya nyuma. HiAce ina tairi moja kila upande, kwa hiyo soma 106. Mwenye Canter au Dyna yenye matairi pacha nyuma ndiye anayesoma ya pili.

Kosa linaloonekana sana ni mtu kuvutiwa na herufi. Tairi la 205/70R15 96H linasifiwa dukani kwamba "linakimbia 210". Kwa HiAce sifa hiyo haina kazi. Matatu Kenya zinafungiwa kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, na hata gari la mizigo linalokimbizwa barabara kuu haligusi 140 kwa usalama wowote. Herufi N inatosha na kubaki. Kinachopungua kwenye tairi hilo la H ni kilo 240 kila gurudumu ukililinganisha na 106, na hizo ndizo unazozihitaji.

Hesabu ya gari lililojaa

Tuchukue HiAce ya abiria yenye uzito mtupu wa kilo 1,800. Weka watu 16, pamoja na dereva na konda, kwa kilo 70 kila mmoja: 1,120. Ongeza mizigo ya kilo 100. Jumla ni 3,020. Viti vingi viko karibu na ekseli ya nyuma, kwa hiyo tuiwekee nyuma asilimia 60 ya uzito, yaani kilo 1,812, sawa na 906 kwa kila tairi la nyuma. Mbele kila tairi linabaki na 604.

Sasa yaweke matairi kwenye hesabu hiyo. Lenye 106 linabeba na linabakiwa na kilo 44. Lenye 104 limepungukiwa kilo 6. Lenye 96 limepungukiwa karibu 200. Lenye 91, lile la Noah, limepungukiwa 291 kwa kila gurudumu la nyuma, na hata yote manne kwa pamoja yana uwezo wa kilo 2,460 kwenye gari la 3,020.

Kuna wanaofunga 91 mbele tu kwa sababu 604 iko chini ya 615. Hesabu hiyo ni ya gari lililosimama. Ukikanyaga breki, uzito unakimbilia mbele, na mteremko kama wa Kitonga unauongeza mbele kwa dakika nyingi mfululizo huku joto la breki nalo likiingia kwenye ringi. Mbele pafungwe tairi lilelile la nyuma.

Na wakizidi? Weka watu wanne zaidi, kilo 280, tuseme 200 kati yake zimeangukia nyuma. Kila tairi la nyuma sasa limebeba 1,006. Hapo hata 106 imepita kikomo, na ile 107 ya kiwandani pia. Hakuna 195R15C ya plai 8 inayoruhusu hilo.

Kwa gari lako usitumie 1,800 yetu. Soma uzito kwenye kadi ya gari, au pita kwenye mzani wa ghala la nafaka au wa vyuma chakavu, pima gari likiwa limejaa kama linavyojaa siku ya kazi, kisha pima tena magurudumu ya nyuma peke yake yakiwa juu ya mzani. Gawanya kwa mbili. Namba utakayopata ndiyo ya kwenda nayo dukani, na tairi utakalochagua libebe zaidi ya hiyo.

Tairi kwa tairi

*195R15C, plai 8, 106/104.* Ndilo tunalolipendekeza. Kipenyo chake kinakaribia kile cha 195/80R15, takribani milimita 693, kwa hiyo kipima mwendo hakidanganyi na gari halishuki. Ubavu ni mgumu, halichezi kwenye kona likiwa limejaa, na linavumilia kingo za lami zilizokatika. Ubaya wake ni kwamba gari likiwa tupu linadunda, hasa kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi. Anayetumia HiAce kama gari la familia atalalamika. Anayebeba hatalalamika.

Kuna pia 195R15C ya plai 6. Saizi ni ileile, umbo ni lilelile, namba ya mzigo ni ndogo. Hili ndilo linalowaponyoka watu kwa sababu wanauliza saizi tu. Geuza tairi, tafuta namba, usikubali neno la mdomo.

*195/70R15C, 104/102.* Tairi zuri, la kazi, lakini ni fupi. Kipenyo chake ni milimita 654, kwa hiyo gari linashuka karibu sentimita 2 na kipima mwendo kinasoma zaidi kwa takribani asilimia 6. Kwa HiAce ya kusambaza mikate au dawa mjini, isiyojaa, linafaa. Kwa abiria wa kujaa, hesabu ya juu imeshalikataa.

*225/70R15C, 112/110.* Kipenyo ni milimita 696, karibu sawa na la kiwandani, na uwezo ni kilo 1,120. Linakaa kwenye ringi yenye upana wa inchi 6. Usukani unakuwa mzito kidogo, mafuta yanaongezeka kidogo, na lazima ukate kona hadi mwisho pande zote mbili, gari likiwa limejaa, uone kama linagusa plastiki au bomba la breki. Likipita jaribio hilo, ni chaguo zuri sana kwa anayebeba mizigo mizito ya muda mrefu. Lakini usilifunge ili upate kuzidisha abiria. Ekseli, breki, springi na ringi vimebaki vilevile.

*205/70R15 96.* Hili ni tairi la gari dogo, halina C wala LT. Ni laini, tulivu, linapendeza siku ya kwanza. Nyuma ya HiAce iliyojaa linalala ubavu na kupata joto. Sheria za Marekani zinapotaka tairi la gari dogo lifungwe kwenye gari la mizigo au la aina hiyo, uwezo wake unagawanywa kwanza kwa 1.1, kwa hiyo zile 710 zinakuwa kama 645. Tunalikataa.

*195/65R15 91.* Ni tairi sahihi la Noah na Voxy, si la HiAce. Mbali na uzito, kipenyo chake ni milimita 634, hivyo kipima mwendo kikisema 100 unaenda 92, na injini inazunguka zaidi kwa safari ileile. Hata lile lenye 95 na neno XL (la mzigo wa ziada) halisaidii. XL inafikia kilo 690 kwa upepo wa 290 kPa, yaani psi 42. Ukilijaza upepo wa tairi la kawaida, faida yake inapotea karibu yote. Wenye Noah walisikie hilo pia.

C ya wapi?

Herufi C baada ya ringi, kama kwenye 195R15C, ni utaratibu wa Ulaya na maana yake ni tairi la gari la kibiashara. Matairi ya Kijapani yanaandika LT mwishoni kwa kazi hiyohiyo. Ya Kimarekani yanaweka LT mwanzoni, kisha yanaandika daraja la mzigo kwa herufi: C ni plai 6, D ni plai 8, E ni plai 10. Kwa hiyo ukiona "Load Range C", hiyo ni plai 6 tu, si ile C ya kibiashara. Tumeona wauzaji wakizichanganya hizi mbili, na mnunuzi akitoka na tairi dhaifu akiamini amepata la mzigo. Plai zenyewe siku hizi ni daraja la nguvu, si hesabu ya matabaka yaliyomo ndani, ndiyo maana tunasisitiza namba ya mzigo.

Upepo ndio unaobeba

Kilo 950 za tairi la 106 zinapatikana kwa 450 kPa, sawa na psi 65. Fundi wa pembeni mwa barabara aliyezoea magari madogo atajaza 35 au 40 na kukwambia liko sawa, kwa sababu tairi la ubavu mgumu halionyeshi kulala. Kwa psi 40 karibu theluthi moja ya uwezo imepotea. Umelipia tairi la mzigo na unaendesha la gari dogo.

Kosa la upande wa pili ni kumjazia 205/70R15 upepo wa 60 ili "libebe". Tairi la gari dogo halipati uwezo zaidi ya ulioandikwa kwa kuongezewa upepo kupita kiwango chake. Linabaki na 710 zake, katikati linaisha haraka, na shimo moja la barabarani linalipasua.

Kiwango cha gari lako kipo kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Magari ya Japani yanaandika kPa: 300 ni psi 43 na nusu, 350 ni 51, 400 ni 58. Mara nyingi mbele na nyuma hazifanani, na tupu na lililojaa hazifanani. Ukiwa umefunga saizi tofauti na ya kibandiko, mwombe muuzaji jedwali la mtengenezaji wa tairi. Pima asubuhi kabla gari halijatembea. Upepo uliopanda baada ya safari usiupunguze, kwani kesho yake utajikuta uko chini ya kiwango.

Valvu nazo. Valvu ya mpira ya kawaida, ile ya gari dogo, mwisho wake ni psi 65. Tairi lako likianza safari na 65 litapita hapo likipata joto. Dai valvu ya upepo mkubwa au ya chuma yenye nati. Bei yake ni ndogo sana kulinganisha na tairi linaloishiwa upepo polepole katikati ya Chalinze na Segera.

Kwa nini linapasuka mchana

Tairi la HiAce likienda kilomita 100 kwa saa linazunguka zaidi ya mara 45,000 ndani ya saa hiyo. Kila mzunguko ubavu unakunjwa na kukunjuka. Likiwa limezidiwa uzito au lina upepo mdogo, mkunjo unakuwa mkubwa, joto linazalishwa haraka kuliko linavyotoka, na gundi kati ya mpira na mikanda ya waya inaanza kuachia. Halionekani kwa nje. Kisha siku moja kwenye lami ya moto, kashata inachomoka vipande au mkanda mzima unang'oka. Watu wanasema "tairi lilikuwa jipya". Ndiyo, lilikuwa jipya na lilikuwa la kilo 710.

Mwendo na mzigo vinalipana hapa: kupunguza kimoja kunampunguzia tairi joto la kingine. Ikikulazimu kusogeza gari lililojaa kwenye spea dhaifu, nenda taratibu hadi kituo cha kwanza, si hadi mwisho wa safari.

Ringi za urembo

Wengi wanabadilisha tairi pamoja na ringi, na hapa ndipo kazi nzuri inapoharibika. Ringi ya aloi ya Kijapani ina alama iliyochorwa kwenye chuma: JWL ni ya magari madogo, JWL-T ni ya malori, mabasi na magari ya mizigo. Nyingine zimeandikwa kabisa uzito wa juu kwa kilo nyuma yake. Tairi la kilo 950 kwenye ringi ya kilo 690 linabeba 690. Ringi ya chuma iliyokuja na gari, hata kama haina mvuto, ni bora kuliko aloi isiyo na alama.

Majina na umri

Bridgestone R623, Michelin Agilis, Maxxis UE-168 na Linglong R666 ni familia zilizotengenezwa kwa ajili ya magari ya mizigo midogo na abiria. Ukikutana na saizi yako katika hizo, uko mahali sahihi. Kwa namba ileile, jina linaonekana kwenye jinsi tairi linavyoshika lami ya mvua na linavyodumu. Kwenye kilo hakuna tofauti, 106 ni 950 kwa kila mtengenezaji. Tairi la jina dogo lenye 106/104 na tarehe ya karibuni tunalichagua mbele ya jina kubwa lenye 96.

Tarehe ni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tarakimu hizo mara nyingi ziko upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo pindua. Lililozidi miaka mitatu dukani lipunguziwe bei au liachwe, na lililoanikwa juani mbele ya duka liachwe bila mjadala.

Jihadhari na matairi yaliyokuja na gari kutoka Japani yenye neno STUDLESS au alama ya mlima wenye kitone cha theluji. Ni ya baridi kali. Mpira wake ni laini, kwenye joto la Pwani unaisha haraka na breki yake inarefuka. Yanauzwa kama mitumba mizuri kwa sababu kashata zake ni nene. Vilevile tairi lililochongwa upya: pitisha kidole ndani ya mfereji, ukikuta vitufe vya kuonyesha kuisha, vile vya milimita 1.6, havipo au vimekatwa, rudisha. Aliyechonga amechukua mpira uliokuwa unafunika waya.

Siku ya kufunga

Soma saizi, namba na herufi ya kila tairi moja moja, yote manne, kabla fundi hajashika mashine. Duka linaweza kuchanganya bila kukusudia. Ukinunua mawili tu, yaende nyuma, na pande mbili za ekseli moja zifanane kabisa. Balansi ifanyike kwa yote, kisha alaimenti. Nati zikazwe kwa mpangilio wa nyota, kwa spana ya kipimo, si kwa mashine ya upepo hadi inyamaze, na zirudiwe baada ya kilomita 50 hadi 100.

Baada ya mwezi kagua kashata. Mabega yote mawili yakiisha, upepo ni mdogo. Katikati ikiisha, umezidi. Upande mmoja, rudi kwenye alaimenti. Mabaka mabaka, shokapu zimekufa, na tairi jipya litaharibika vilevile usipozibadilisha kwanza. Nundu ubavuni ni waya zilizokatika; hakuna kiraka cha hilo, toa tairi siku hiyohiyo.

Na spea. Ya HiAce inaning'inia chini nyuma, inakula tope na hakuna anayeiona. Mwambie fundi aishushe wakati gari bado liko juu ya jeki, asome namba yake kama alivyosoma za mengine, na aijaze upepo wa juu kabisa wa kibandiko, kwa sababu kupunguza barabarani ni rahisi na kuongeza hakuna.